Ndiyo, katika fasihi kuna jibu lisilo sahihi

Wiki iliyopita mwanafunzi wa mwaka wa kwanza alinijia ofisini na insha yake mkononi, alama ya 41 ikiwa imezungushiwa duara. Hakuja kugombana. Alikuwa anashangaa kwa dhati. "Lakini mwalimu," akaniambia, "si fasihi haina jibu baya? Mimi ndivyo nilivyolielewa shairi."

Maneno hayo nayasikia kila mwaka wa masomo unapoanza. Nayasikia kwa wanafunzi, kwa wazazi wanaouliza mtoto wao atasoma nini hasa miaka yote hiyo, na kwa wenzangu wa idara nyingine wanaodhani shahada ya fasihi ya Kiingereza na uandishi ni mahali pa kugawana maoni. Safari hii yamenifika hapa. Yananiudhi kwa sababu yanamdhulumu anayeyaamini. Ukimwambia kijana kwamba hawezi kukosea, umemwambia pia kwamba hawezi kupatia.

Insha yenyewe ilihusu "London", shairi la William Blake lililotoka mwaka 1794. Beti 4, mishororo 16, unalimaliza kwa dakika moja. Nafsineni, yaani sauti inayosema ndani ya shairi, anatembea mjini, anatazama nyuso, anasikia vilio. Linaanza hivi: "I wander thro' each charter'd street, / Near where the charter'd Thames does flow": nazurura katika kila mtaa ulio "charter'd", karibu na unakotiririka mto Thames ulio "charter'd". Mwanafunzi wangu alilichukua neno "charter'd" akalipa maana ya kukodi, kama tunavyosema ndege ya kukodi, kisha akajenga kurasa tatu juu ya matajiri wanaosafiri na mji uliouzwa kwa wageni. Kurasa tatu nadhifu, Kiingereza kizuri, aya zinafuatana. Na zote zimesimama juu ya hewa.

Kwamba mwaka 1794 hakukuwa na ndege ni jambo dogo. Kubwa ni kwamba shairi lenyewe linamkatalia. Nani ameukodi mto? Msafiri yuko mshororo wa ngapi? Waliomo humo ni mtoto wa kusafisha dohani, askari, kahaba kijana na mtoto mchanga. Hakuna hata mmoja mwenye mzigo wa safari. Matini ina uwezo wa kukukatalia, na kazi ya shahada nzima, nikilazimika kuisema kwa pumzi moja, ni kujifunza kusikia inapokukatalia.

Sasa tazama neno hilo linafanya nini ukiliacha lifanye kazi yake. "Charter" ni hati ya kifalme, nayo ilikuwa inakipa kikundi fulani, kampuni au mji, haki ya kufanya jambo fulani, na kwa kuwapa hao ikawafungia nje wengine wote. Mwandishi wa siasa Thomas Paine alilisema hilo waziwazi mwaka 1792: hati haitoi haki, inaziondoa kwa walio wengi. Mtaa kuwa na hati, tunaelewa. Lakini maji? Kitu kinachotiririka chenyewe, nacho kimeandikiwa karatasi? Ndiyo maana Blake halisemi neno hilo mara moja akapita. Analirudia mshororo wa pili na kulipachika kwenye mto, mahali ambapo linachoma zaidi.

Na tuna bahati: daftari lake limesalia, na rasimu ya shairi hili imo. Neno la kwanza alilotumia lilikuwa "dirty". Mtaa mchafu, Thames mchafu. Kisha akalikata. Mimi huwapa wanafunzi matoleo yote mawili, nikawaacha wakae nayo saa nzima. Uchafu unaonekana kwa macho, mpita njia yeyote anauona, na hauna mwenyewe. Hati haionekani, lazima uijue, na nyuma yake kuna mtu aliyeipiga mhuri. Kwa badiliko la neno moja shairi limeacha kulalamikia hali ya mji, limeanza kumtafuta mwenye makosa. Katika rasimu hiyohiyo "see" (kuona) imegeuka kuwa "mark" (kutazama, na pia kutia alama), halafu mshororo unaofuata unajibu kwa "marks" (alama) mbili: yule anayetazama kovu naye anatia alama. Hili nalipita haraka, ingawa lina insha yake.

Anayetaka kunipinga huniambia: basi kuna jibu moja, nalo unalo wewe. Hapana! Hapa ndipo panapohitaji subira, na hapa ndipo watu wengi wanapokimbia.

Ubeti wa pili una maneno "in every ban". Fungua kamusi ya kihistoria, ile inayoonyesha maana za neno pamoja na miaka zilipotumika, na utakuta "ban" ni katazo la serikali, ni laana, na pia ni tangazo la ndoa linalosomwa kanisani. Ipi ni sahihi? Katazo linaingia bila kubisha hodi, kwa sababu sauti zote za ubeti huo zimefungwa pingu, zile "mind-forg'd manacles" zilizofuliwa akilini. Laana inasubiri hadi ubeti wa mwisho, ambapo laana ya yule kahaba inatajwa kwa jina. Ndoa ndiyo yenye shida: tangazo la ndoa kwa kawaida huandikwa kwa wingi na kwa herufi n mbili, kwa hiyo anayeitetea maana hiyo ana deni la kulipa. Na anaweza kulilipa, kwa kuwa maneno mawili ya mwisho ya shairi zima ni "Marriage hearse", gari la kubeba maiti lililounganishwa na ndoa. Hapo maana tatu zinaishi katika neno moja la herufi tatu, kila moja na ushahidi wake, na hazina nguvu sawa. Lakini ile ya kukodi ndege, aliyoipa mwanafunzi wangu "charter'd", haipati mahali pa kukaa popote.

Majibu mengi yanayotetewa si sawa na majibu yoyote yanayokujia. Nimeshindwa kuelewa kwa nini tofauti hii, ambayo kila mtu anaijua mahakamani na hospitalini, inasahaulika mara tu mtu akishika kitabu cha mashairi. Mwamba ngoma huvutia kwake, na msomaji vilevile. Ndiyo maana tunasoma pamoja katika semina, ili mwingine aushike upande wa pili wa ngozi.

Kuna atakayeniletea mhakiki Mfaransa Roland Barthes na "kifo cha mwandishi", hoja yake kwamba maana ya matini haiamuliwi na nia ya mwandishi. Sawa. Barthes alimwondoa mwandishi kwenye kiti cha hakimu. Hakuyafuta maneno ukurasani. Tuendelee.

Mwaka 1929 mhakiki I. A. Richards alichapisha matokeo ya zoezi alilowapa wanafunzi wake wa Chuo Kikuu cha Cambridge: mashairi yaliyofutwa majina ya watunzi, waandike wanachokiona. Alipoorodhesha matatizo 10 ya wasomaji wale, la kwanza halikuwa la nadharia wala la hisia. Lilikuwa kushindwa kupata maana ya wazi, yaani shairi linasema nini. Wengi wao walikuwa vijana waliochagua wenyewe kusoma fasihi. Kwa hiyo mwanafunzi wangu wa wiki iliyopita hana la kuonea aibu, nami nilimwambia hivyo. Kosa lake ni la kale na linatibika.

Upande wa uandishi imani hiyohiyo huvaa nguo nyingine: "Nimeandika nilivyohisi." Katika warsha muhula uliopita tulisoma hadithi inayosimuliwa na mtoto wa miaka 7. Ukurasa wa kwanza mtoto anasema kwamba ndoa ya wazazi wake ilikuwa imepoteza mvuto. Darasa likanyamaza. Mwandishi akasema ndivyo alivyohisi yeye alipokuwa mdogo, na simkatalii hata kidogo. Ila hisia ni zake na maneno ni ya mtu mzima wa miaka 30. Sikio la msomaji linakataa kabla akili haijajua kwa nini. Wiki mbili baadaye alirudi na rasimu ya nne. Sentensi ile ilikuwa imeondoka. Mahali pake mtoto anasema: siku hizo baba hakuuliza tena chumvi iko wapi, aliinuka akaifuata mwenyewe. Meza nzima iliinama ikaisoma tena. Hakuna aliyesema ni suala la maoni.

Sitaki kudanganya, kwa hiyo niseme na yanayonikosesha usingizi. Insha moja mimi naipa 64, mwenzangu anaipa 57, na sote tumeisoma kwa makini. Tunakaa, tunabishana, tunatoka na 61. Sijawahi kuwa na hakika kwamba 61 ni sahihi kuliko 64. Kwenye kazi dhaifu kabisa tunakubaliana, kwenye kazi bora kabisa tunakubaliana. Katikati, walipo wanafunzi wengi, tunapima kwa mizani inayotikisika. Kwa hadithi fupi ni vigumu zaidi. Nimewahi kumpa alama za wastani mwandishi ambaye hadithi yake bado naikumbuka baada ya miaka, huku nikiwa nimezisahau zile nilizozipa alama za juu mwaka ule. Nadhani nilikosea. Lakini angalia: kusema nilikosea kunadai kwamba palikuwa na jambo la kupatia.

Juzi mwanafunzi wa insha ya ndege alirudi. Safari hii alikuja na nakala ya shairi iliyochakazwa kwa penseli. Alikuwa amechukua herufi ya kwanza ya kila mshororo katika ubeti wa tatu, akazisoma kutoka juu kwenda chini: How, Every, And, Runs. H-E-A-R. Na neno la mwisho la ubeti wa pili, mara tu kabla ya hapo, ni "hear", yaani sikia. Akaniuliza kama Blake alifanya makusudi, na kama anaruhusiwa kuliandikia.

Jambo hilo nimelitazama miaka mingi na moyo wangu unayumba. Siku nyingine naliona limepangwa, kwa sababu huo ndio ubeti wa vilio na shairi linatuamuru tusikie. Siku nyingine naona herufi nne tu zilizokutana, katika lugha ambayo mishororo mingi huanza kwa A na H. Nikamwambia aandike, lakini aya ya kwanza iwe ya hoja zote zinazoweza kumkatalia. Akavuta kiti, akaanza palepale mezani kwangu.