Wapuritani na Kalamu Zao: Tunayoyaamini na Waliyoyaandika

Mtajie msomaji wa fasihi neno "Wapuritani", yaani wale Waprotestanti wa Kiingereza wenye msimamo mkali waliohamia New England, kaskazini-mashariki mwa Marekani ya leo, katika karne ya 17, na picha inayomjia ni ileile: mzee aliyenuna, mavazi meusi, Biblia kwapani, macho yakimtafuta mwenye dhambi. Picha hiyo hatukuipata kwao. Tuliipata kwa Nathaniel Hawthorne, aliyetoa riwaya ya *The Scarlet Letter* mwaka 1850, na kwa Arthur Miller, ambaye tamthilia yake ya *The Crucible* ilipanda jukwaani mwaka 1953 huku akili yake ikiwa kwenye msako wa wakomunisti wa zama zake. Ni kazi kubwa zote mbili, nazipenda. Lakini ya kwanza iliandikwa miaka mia mbili baada ya watu hao, na ya pili miaka mia tatu. Wenyewe waliacha maandishi mengi mno: shajara, mahubiri, mashairi, barua, kumbukumbu za kesi. Ukiyasoma, mzee yule aliyenuna anaanza kupata sura ya mtu. Basi tuzipime dhana chache zinazorudiwa juu yao.

"Salem wachawi walichomwa moto"

Hakuna aliyechomwa. Katika kesi za uchawi za mwaka 1692 huko Salem, Massachusetts, watu 19 walinyongwa, kwa kuwa hiyo ndiyo ilikuwa adhabu ya uchawi katika sheria ya Kiingereza. Mzee Giles Corey, aliyekataa kujibu mashtaka, alirundikiwa mawe mazito mpaka akakata roho. Wengine walifia gerezani.

"Fasihi ya Marekani ilianza na wao"

Wenyeji walikuwa na simulizi, nyimbo na hotuba karne nyingi kabla ya meli yoyote kutia nanga. Na hata tukihesabu karatasi peke yake, Mexico ilikuwa na mtambo wa uchapaji tangu 1539, takriban miaka mia moja kabla ya Massachusetts. Gaspar Pérez de Villagrá alichapisha utenzi mrefu wa Kihispania kuhusu New Mexico mwaka 1610, ikiwa bado miaka kumi isafiri Mayflower, meli maarufu iliyowaleta walowezi wa Kiingereza Massachusetts. John Smith wa Virginia, ambaye hakuwa Mpuritani, alikuwa ametoa kitabu London mwaka 1608. Wapuritani wamewekwa mwanzoni kwa sababu New England ilikuwa na vyuo, na vyuo ndivyo vilivyoandika historia ya fasihi.

"Walivuka bahari ili kila mtu aabudu apendavyo"

Walitaka uhuru wa kuabudu, ila wa kwao. Mchungaji mwenzao Roger Williams alidai kwamba serikali haina mamlaka juu ya dhamiri ya mtu, na kwamba mfalme wa Uingereza hana haki ya kugawa ardhi ya wenyeji. Mwaka 1635 wakamhukumu kufukuzwa. Akaanzisha makazi ya Providence, akaishi jirani na wenyeji wa kabila la Wanarragansett, na mwaka 1643 akachapisha London kitabu cha lugha yao, *A Key into the Language of America*. Humo utakuta maneno ya kuamkiana, ya kula, ya kufanya biashara, ya kuuguza mgonjwa, na mwishoni mwa sura kuna shairi fupi. Katika shairi mojawapo anamwambia Mwingereza asijivunie kuzaliwa kwake wala damu yake, kwa maana ndugu yake mwenyeji amezaliwa bora sawa naye.

Wengine hawakubahatika kufukuzwa tu. Mary Dyer alinyongwa Boston tarehe 1 Juni 1660 kwa kosa la kurudi mjini akiwa Mkweka, mfuasi wa dhehebu la Kikristo lililochukiwa na Wapuritani, baada ya kupigwa marufuku. Wakweka hao ndio Friends ambao wamisionari wao kutoka Marekani walifika Kaimosi, magharibi mwa Kenya, mwaka 1902, na leo Kenya ndiyo yenye Wakweka wengi kuliko nchi nyingine yoyote duniani. Ukikutana na jina la Mary Dyer, usilipite haraka.

"Mapenzi yalikuwa mwiko na wanawake walinyamaza"

Hapa ndipo ninapoumia zaidi, maana dhana hii inamfuta Anne Bradstreet. Aliwasili Massachusetts mwaka 1630 akiwa binti wa miaka kama 18 aliyekwisha kuolewa. Alizaa watoto wanane, aliugua mara kwa mara, na bado aliandika. Shemeji yake, John Woodbridge, aliuchukua mswada wake akaenda nao Uingereza, na mwaka 1650 diwani yake ikatoka London. Baadaye Bradstreet aliandika shairi akiita kitabu hicho mtoto aliyenyakuliwa kutoka ubavuni mwake na marafiki, akapelekwa hadharani na matambara yake kabla mama hajamwosha uso.

Alijua anavyosemwa. Katika utangulizi wa diwani anawataja wenye ndimi kali wanaodai kwamba mkono wake unafaa sindano kuliko kalamu. Na hata akiandika vizuri, anasema, watasema ameiba au amebahatisha. Kisha kuna shairi lake kwa mumewe, lililochapwa mwaka 1678, miaka sita baada ya kifo chake. Linaanza kwa kusema kwamba kama kuna wawili waliowahi kuwa mmoja, basi ni wao. Na kwamba penzi lake ni kiu ambayo mito haiwezi kuizima. Nyumba yao ilipoungua Julai 1666, aliandika jinsi alivyopita penye majivu na macho yake yakaenda pale alipozoea kukaa, pale sanduku lilipokuwa, pale mezani ambapo hakuna mgeni atakayekula tena. Anajikemea, anajikumbusha kwamba mali ni ya Mungu, lakini majivu ameshayaangalia. Na katika barua aliyowaachia wanawe anakiri wazi kwamba kuna nyakati alijiuliza kama Mungu yupo. Hayo ni maneno ya mwanamke wa Kipuritani, tena mke na binti wa viongozi wa koloni.

Upande wa wanaume yupo Edward Taylor, mchungaji wa Westfield, Massachusetts, aliyeandika mashairi ya ibada yenye picha za gurudumu la kusokotea na mikate. Mashairi yake yalilala katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Yale mpaka 1937.

"Hawakuona kosa katika utumwa, na hawakujutia lolote"

Wengi hawakuona. Sheria za Massachusetts za mwaka 1641 ziliacha mlango wazi kwa utumwa. Lakini Samuel Sewall, mmoja wa mahakimu wa Salem, alisimama kanisani Januari 1697 wakati mchungaji akisoma ungamo lake, akiibeba lawama ya kesi zile mbele ya watu wote. Miaka mitatu baadaye alichapisha *The Selling of Joseph*, kijitabu cha kurasa chache kinachosema kwamba watu wote, kwa kuwa ni wana wa Adamu, wana haki sawa ya kuwa huru. Nisimpambe kupita kiasi: kijitabu hichohicho kinasema kwamba Waafrika hawawezi kuchanganyika na Waingereza wakawa jamii moja. Mwenzake John Saffin alimjibu mwaka 1701 kwa maandishi ya matusi dhidi ya watu weusi, huku mwenyewe akiwa na kesi na mtumwa wake Adam, aliyemwahidi uhuru baada ya miaka saba kisha akageuka. Adam alipambana mahakamani, na mwaka 1703 akaupata uhuru wake.

"Vitabu vyao ni vya Kiingereza, vya mikono ya wazungu peke yao"

Biblia nzima ya kwanza kuchapwa katika makoloni ya Uingereza huko Amerika haikuwa ya Kiingereza. Ilitoka Cambridge, Massachusetts, mwaka 1663, katika lugha ya Wawampanoag, wenyeji wa pwani ile. Biblia nzima ya Kiingereza ilisubiri mpaka 1782. Jalada la ile ya 1663 linamtaja mmishonari John Eliot, lakini Eliot asingefika popote bila wenyeji kama John Sassamon na Job Nesuton waliomsaidia lugha, wala bila kijana wa kabila la Wanipmuc aitwaye Wowaus. Kijana huyo alianza kazi ya uchapaji mwaka 1659, akipanga herufi moja baada ya nyingine, hata akajulikana kwa jina la kazi yake: James Printer, yaani James Mchapaji. Vita vya 1675 na 1676 kati ya walowezi na wenyeji vilimtenganisha na mtambo, kisha akarudi. Mary Rowlandson, aliyetekwa katika vita hivyo na kusimulia kutekwa kwake katika kitabu cha 1682, anamtaja humo; na wanahistoria wengi wanaamini kwamba herufi za kitabu hicho zilipangwa na James huyohuyo. Mwaka 1709 jina lake hatimaye lilichapwa kwenye jalada la Zaburi za lugha mbili, kando ya jina la mchapaji Mwingereza.

Biblia ile ililetwa ili kuwabadilisha Wawampanoag na jirani zao. Lugha yao baadaye ilikosa wasemaji kwa zaidi ya karne moja. Mwaka 1993 Jessie Little Doe Baird na wenzake walianza kuirudisha, na miongoni mwa maandishi waliyoyatumia kuokota maneno na kanuni za sarufi zimo kurasa hizohizo ambazo Wowaus alizipangia herufi. Leo kuna watoto wa Kiwampanoag wanaojifunza kusema kwa lugha hiyo.