Mbegu ya malisho haikuota? Usikimbilie kulalamika

Msimu unapoanza kanda ya kati, malalamiko huwa yaleyale: mfugaji wa Dodoma au Singida kanunua mbegu ya malisho, kapanda, haikuota. Zipo mbegu feki, hatukatai. Lakini nyingi zimefukiwa chini mno tu.

Mbegu ya nyasi aina ya Cenchrus, inayohimili ukame vizuri, ni nyepesi na ina manyoya. Imwage juu ya udongo uliolainishwa, kisha burura tawi la mti juu yake ifunikwe kama sentimita 1. Ukiifukia kama mahindi haitoki. Iliyovunwa juzi nayo usipande: ihifadhi miezi 6 hadi 12 kwanza. Haya tunayasema kila mwaka, na bado tunaletewa mbegu mbichi tukiambiwa ni mbovu.

Kwenye ununuzi, nenda kwa muuzaji aliyesajiliwa. Mfuko uwe haujafunguliwa na uwe na lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu. Soma aina ya mbegu, namba ya loti (fungu la mbegu) na asilimia ya uotaji. Dai risiti. Itunze pamoja na mfuko na ubakize mbegu kiganja kimoja, kwa sababu mkaguzi hawezi kupima mbegu iliyokwisha kuingia ardhini. Mbegu za kuazimiwa ubora, yaani zinazozalishwa na wakulima wenyewe wakitamka ubora wake, ni halali, ila huuzwa ndani ya wilaya zilikozalishwa. Muuzaji anayezivusha, au anayeuza mbegu isiyothibitishwa, anavunja Sheria ya Mbegu ya 2003 na anaweza kufikishwa mahakamani.

Waliokosa nyasi hukimbilia kulisha mifugo mtama, na hapa tunaomba umakini mkubwa. Kwa kuwa mabua baada ya mavuno hayadhuru, wengi hudhani machipukizi nayo ni salama. Si salama hata kidogo! Mtama mchanga, hasa unaochipua upya mvua inaporudi baada ya jua kali, una sumu ya sianidi. Subiri ufike kiunoni, au ukate na kuukausha vizuri uwe hei. Usiingize ng'ombe mwenye njaa, maana hula kwa pupa. Ukimwona anahema haraka, anatetemeka na kuyumba, watoe ng'ombe wote shambani na umpigie daktari wa mifugo papo hapo: sindano ya kuokoa ipo, ila inataka kuwahiwa.