Asilimia 96 haimtoi mgonjwa wa nimonia hatarini

Kuna sentensi ambayo nikiisikia tena katika mzunguko wa asubuhi wodini nitaanza kuhema mimi mwenyewe: "Dokta, huyu yuko vizuri, saturesheni yake ni 96," yaani asilimia 96 ya hemoglobini katika damu yake imebeba oksijeni. Naisikia kwa madaktari walio katika mafunzo kwa vitendo, kwa waganga wa zahanati wanaotupigia simu kutoka Tandahimba na Nanyamba, na tangu UVIKO-19 hata kwa ndugu wa wagonjwa, ambao wamezoea kusoma kile kioo kidogo kinachobanwa kidoleni. Namba yenyewe si ya uongo. Kinachonikera ni kwamba hakuna anayeuliza mgonjwa ameipata kwa gharama gani, yaani anapumua mara ngapi kwa dakika.

Hemoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni, huishikilia kwa ukaidi. Shinikizo la oksijeni katika damu ya ateri linaweza kushuka kutoka milimita 100 za zebaki hadi karibu 60, na oksimita, kile kifaa cha kidoleni, bado ikaonyesha takriban 90. Chini ya hapo ndipo mteremko unapokuwa mkali. Wakati wote huo mwili haujakaa kimya. Vipokezi vya shingoni na vya ubongoni vinavyohisi oksijeni, kabonidayoksaidi na asidi, pamoja na neva za pafu lililojaa usaha na kukakamaa, vinaamuru misuli ya kifua iongeze kasi, na kasi hiyo ndiyo inayoilinda saturesheni isishuke. Ngalawa iliyotoboka inaweza kuonekana haina maji mengi ndani kwa sababu tu kuna mtu anayakumba kwa nguvu zake zote, na nahodha mwenye akili humtazama huyo anayekumba kabla ya kutazama maji.

Kwa hiyo twende kwenye chati. Safu ya joto ina 38.9, 38.2, 37.6, safu ya mapigo ina 118, 109, 112, safu ya upumuaji ina 20, 20, 20, 20, kisha, kwa ajili ya kubadilisha ladha, 18, halafu 20 tena. Wodi nzima inapumua mara 20 kwa dakika, mwenye nimonia ya mapafu yote mawili na mwenye mguu uliovunjika kwa kuanguka kwenye mkorosho. Siwalaumu sana wauguzi, kwa kuwa usiku sista mmoja anaweza kuachiwa wodi nzima, na upumuaji ndicho kipimo pekee kati ya hivyo ambacho hakina mashine ya kukifanya kwa niaba yake. Lakini 20 ya kubuni ni mbaya kuliko nafasi iliyoachwa wazi, kwa sababu nafasi wazi hunisimamisha nikahesabu mwenyewe.

Wapo wanaohesabu kwa sekunde 15 na kuzidisha kwa 4, na hao ndio wanaonichosha zaidi, maana wanaamini wamepima. Kwa njia hiyo majibu yanayowezekana ni 16, 20, 24, 28, 32, na pumzi moja tu ikikupita umekosea kwa 4, yaani umevuka mpaka wa hatari au umerudi nyuma yake bila mgonjwa kubadilika hata kidogo. Hesabu dakika nzima. Usimwambie kwamba unamhesabu, kwa kuwa mtu akijua anatazamwa hubadilisha pumzi yake. Shika kifundo cha mkono wake kana kwamba bado unapima mapigo, ulaze mkono huo juu ya tumbo lake, kisha uhesabu kila unapoinuka. Usianze wakati ametoka kukohoa, kuongea au kurudi chooni. Na hata ukifuata yote hayo, mimi na mwenzangu tukimhesabu mgonjwa huyo huyo kwa kufuatana tunaweza kutofautiana kwa pumzi kadhaa, jambo ambalo vitabu hupenda kulipita haraka.

Watoto sitawazungumzia sana. Mipaka ya Shirika la Afya Duniani, yaani 60 kwa mtoto wa chini ya miezi 2, 50 kwa wa miezi 2 hadi 11, na 40 kwa wa mwaka 1 hadi chini ya miaka 5, kila mhudumu wa zahanati anaijua. Ninachoshangaa ni kwamba mtoto huhesabiwa dakika nzima kwa uangalifu, huku baba yake akikadiriwa kwa macho kutoka mlangoni.

Kwa mtu mzima tunatumia sana 30, inayotokana na CURB-65, kipimo cha alama cha kukadiria ukali wa nimonia, kilichochapishwa mwaka 2003 kwa kutumia wagonjwa wa Uingereza, Nyuzilandi na Uholanzi. Nakitumia, hasa kile kifupi kisichohitaji kupima yurea katika damu, lakini imani yangu kwake ina mipaka: alama moja hutolewa kwa kufikisha miaka 65, ilhali wagonjwa wengi wanaonitia hofu ni watu wa miaka 30 na kitu wenye VVU ambayo haijatibiwa, ambao hawaipati alama hiyo wala hawaulizwi kuhusu VVU. UVA, kipimo kingine cha alama za hatari cha mwaka 2017, kilichotokana na wagonjwa wa hospitali za Afrika kusini mwa Sahara, kinahesabu VVU. Msomaji makini ataniambia kwamba humo saturesheni chini ya 92 imepewa alama 2, na upumuaji wa 30 au zaidi alama 1 tu, hivyo nabishana na takwimu. Huenda. Nashuku, ingawa siwezi kuthibitisha, kwamba kipimo kinachoandikwa kwa kubuni hupoteza uzito katika hesabu yoyote kinapoingizwa, na kwamba wodi zikianza kuhesabu kweli, uzito huo utaongezeka.

Sasa lile la hatari zaidi. Mgonjwa aliyekuwa na 38 jana jioni leo ana 16, na kila mtu anafurahi. Mtazame kwanza. Kama anakujibu kwa sentensi ndefu, ameomba uji na mbavu zake hazibonyei tena, furahini. Kama anasinzia, anatoka jasho na tumbo linaingia ndani wakati kifua kinapanda, basi misuli imechoka, kabonidayoksaidi inapanda, na hiyo 16 ni habari mbaya kuliko 38. Kwa sababu hiyo sikubali namba moja. Nataka mfululizo wake, na neno moja kuhusu jinsi anavyohangaika.

Saturesheni isiyotajwa pamoja na kiasi cha oksijeni haina maana yoyote. Anayepata 96 kwa hewa ya kawaida, iliyo na oksijeni asilimia 21, huku akipumua mara 20, na anayepata 96 kwa lita 5 kwa dakika za kanula ya pua (mrija wa oksijeni), tukadirie asilimia 40, huku akipumua mara 34, hawafanani. Fahirisi ya ROX hugawanya saturesheni kwa sehemu ya oksijeni (hapa 0.21 au 0.40), kisha kwa upumuaji, na namba ndogo ndiyo mbaya: wa kwanza ana karibu 23, wa pili karibu 7. Mpaka wake maarufu wa 4.88 ulitengenezwa kwa wagonjwa wa oksijeni ya kasi kubwa, tena hiyo 40 yangu ni makadirio tu, kwa kuwa anayehema sana huvuta hewa ya kawaida nyingi pembeni ya kanula. Siutumii kama hukumu. Natazama namba inaelekea wapi kati ya asubuhi na jioni.

Kidole nacho kina mambo yake. Piko nyeusi ya harusini na rangi ya kucha huweza kuzuia mwanga, na kidole cha baridi hutoa namba ya ovyo. Zaidi ya hayo, utafiti wa Marekani wa mwaka 2020 ulionyesha kwamba oksimita iliposoma 92 hadi 96, asilimia 11.7 ya vipimo vya wagonjwa weusi vilikuwa chini ya 88 katika damu ya ateri, dhidi ya 3.6 kwa weupe. Mahali pasipo na mashine ya gesi za damu, 93 ya mtu anayehema mara 32 naisoma kwa mashaka makubwa.

Kwa wenzangu mnaotuma rufaa: kabla hamjamfungulia oksijeni, kama hali inaruhusu kusubiri dakika moja, pimeni akiwa katika hewa ya kawaida. Kisha karatasini andikeni upumuaji uliohesabiwa, saturesheni, lita alizowekewa, na saa ya kila kipimo. Ikiwa hamkuhesabu, andikeni kwamba hamkuhesabu, nami nitahesabu mgonjwa akifika.