Sukari kwenye laga ya Australia haifanyi iwe tamu

Wapenzi wa bia za viwanda vidogo Australia hudai kwamba laga (bia zinazochachushwa kwenye baridi) za makampuni makubwa hutiwa sukari ya miwa, hivyo ni tamu na zimetengenezwa kizembe. Sukari kweli hutumika, lakini hitimisho ni kinyume. Hamira huila sukari hiyo karibu yote na kuigeuza pombe na gesi, tofauti na kimea cha shayiri, ambacho huacha masalia yasiyochachuka. Bia hutoka kavu na nyepesi.

Uzembe nao haupo. Laga huchachushwa kwenye nyuzi 9 hadi 13 za Selsiasi, wakati eli, aina ya bia inayochachushwa kwenye joto zaidi, hutosheka na 18 hadi 20. Ikikaribia kumaliza, joto hupandishwa hadi 16 hivi kwa siku mbili ili hamira ifyonze dayasetili, kemikali yenye harufu ya siagi. Ukiruka hatua hiyo, bia itanuka siagi. Kisha hulazwa karibu na nyuzi 0. Kwenye IPA, aina ya eli, harufu nzito ya hopsi (maua yanayoipa bia uchungu na harufu) inaweza kuficha kasoro ndogo. Kwenye laga hakuna pa kujificha.

Hata mmiliki si kipimo cha ladha: viwanda vidogo navyo huishia mikononi mwa makampuni makubwa. Balter ilinunuliwa na Carlton & United Breweries mwaka 2019, Stone & Wood ikachukuliwa na Lion mwaka 2021.

Kinachoharibu bia za hopsi nyingi ni joto na umri. Soma tarehe kwenye kopo, na usinunue lililokaa rafuni bila ubaridi.