A0620-00: transienti ya eksrei iliyonaswa na setilaiti iliyorushwa Ngomeni

Watu wakisikia kazi yangu ni mashimo meusi, yaani vitu vyenye uvutano mkali mpaka hata mwanga hautoki, swali la kwanza huwa lile lile, mnayaonaje wakati ni meusi? Jibu ni kwamba mengi tunayoyajua kwenye galaksi yetu yalijitangaza yenyewe. Unaamka siku moja anga la eksrei lina nukta ambayo jana haikuwepo, inazidi kuwaka, inapita karibu kila kitu kilichoko huko juu, alafu baada ya miezi kadhaa inafifia mpaka inapotea. Hizi ndo tunaziita transienti za eksrei. Kwenye habari huwa inaandikwa ile siku ya ugunduzi tu, lakini mimi nitawaambia kazi inayotuonyesha hiki kitu ni nini hasa inakuja baadaye, na sehemu yake kubwa zaidi inafanyika kikiwa kimeshazima.

Mfano ninaoupenda ni A0620-00, na sisi watu wa Afrika Mashariki tuna sababu ya kuujua. Eksrei za angani hazifiki ardhini, hewa inazimeza zote, kwa hiyo lazima upeleke kifaa juu. Setilaiti ya kwanza kabisa iliyotengenezwa kwa ajili ya kuchunguza vyanzo vya eksrei ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, lile la Waitaliano lililosimama baharini karibu na Ras Ngomeni, kaskazini ya Malindi, na kwa kuwa ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya wakaipa jina Uhuru. Mahali pale hapakuchaguliwa kwa bahati. Ukirusha karibu na ikweta setilaiti inazunguka juu ya ikweta, inakwepa ile sehemu ya Atlantiki ya Kusini ambako chembe za mionzi zinashuka chini na kujaza vifaa kelele, na kwa mtu anayehesabu chembe moja moja za eksrei kupunguza kelele ni kila kitu. Baada ya Uhuru zikafuata nyingine hapo hapo, Ariel 5 ya Waingereza Oktoba 1974, na SAS-3 ya Wamarekani Mei 1975.

Sasa tarehe 3 Agosti 1975 Ariel 5 ikanasa kitu kipya kwenye kundinyota la Monoceros, jirani na Orioni. Mwanzoni hakikuwa kikali, lakini kila siku kikapanda, na ndani ya wiki mbili kilikuwa kimeipita Scorpius X-1, ambayo tangu 1962 ndo ilikuwa inashika namba moja kwa mng'ao wa eksrei ukiacha jua. Hakuna aliyekuwa ameshaona kitu kikali hivyo nje ya mfumo wa jua. Jina lake ni anwani tu, A ya Ariel, alafu saa 6 na dakika 20 na nyuzi sifuri, yaani mahali kilipo angani.

Shida ya setilaiti inayopekua anga zima ni kwamba inakuonyesha mtaa, haikuonyeshi nyumba. SAS-3 ndo ilisogeza mahali pakawa padogo vya kutosha, alafu darubini za kawaida zikaelekezwa pale zikakuta nyota ambayo kwenye picha za zamani ilikuwa hafifu sana na sasa ilikuwa imeng'aa mara mamia. Wakaenda kwenye maktaba ya Harvard, ambako kuna vioo vya picha za anga vya miaka mingi, na kumbe nyota ile ile ilishawaka 1917! Miaka 58 kabla, wakati hakuna mtu duniani aliyekuwa na habari ya eksrei za angani. Mimi hii sehemu hainichoshi, kwamba jibu lilikuwa kabatini muda wote likisubiri mtu ajue aulize nini.

Kwa nini inawaka alafu inalala miongo? Pale kuna viwili vinazungukana, nyota ndogo ya kawaida yenye rangi ya chungwa, ndogo kuliko jua letu, na kitu kizito kisichoonekana. Viko karibu mno kiasi kwamba gesi inavutwa kutoka kwenye nyota, lakini haidondoki moja kwa moja, inazunguka na kutengeneza diski. Diski inajaa polepole, miaka kwa miaka, ikiwa ya baridi na gesi yake haisogei kwa haraka. Ikifika joto la nyuzi elfu kadhaa hidrojeni inaanza kupoteza elektroni zake, hapo tabia ya gesi inabadilika, msuguano unapanda ghafla, joto linazidi, wimbi hilo linatambaa diski nzima, na mzigo wa miongo unamiminwa ndani kwa miezi michache. Karibu na katikati joto linafika mamilioni ya nyuzi, na gesi ya joto hilo inatoa eksrei. Ndo maana kupanda kunakuwa kwa haraka na kushuka ni taratibu.

Siku hizi mwendo ni ule ule ila kasi imebadilika. Chukua MAXI J1820+070. Tarehe 6 Machi 2018 mtandao wa darubini ndogo unaoitwa ASAS-SN uliona nyota ikiwaka kwenye kundinyota la Ophiuchus, na tarehe 11 kifaa cha Wajapani MAXI, kilichofungwa kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga, kikaona eksrei mpya upande huo huo, watu wakaunganisha kwamba ni kitu kimoja. Kuanzia hapo ni mbio. Swift, setilaiti ya NASA, iligeuzwa itoe mahali kamili, NICER, kifaa cha NASA kwenye kituo hicho hicho, kikahesabu eksrei kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, darubini za redio zikaangalia kama kuna mikondo ya gesi inarushwa nje. Na maswali ya kwanza huwa hayo hayo, je ni chanzo cha zamani kimerudi? Je kuna mapigo yanayojirudia kwa muda ule ule, au milipuko mifupi ya sekunde chache? Ukiviona hivyo ujue una nyota ya nyutroni, yaani kiini kilichobanwa sana cha nyota kubwa iliyokufa, maana vinahitaji kitu chenye uso, na shimo jeusi halina uso. Usipoviona bado hujathibitisha chochote, una mshukiwa tu, na hapa ndo huwa naomba watu wasikimbilie vichwa vya habari.

MAXI J1820+070 ilitupa mengi wakati inawaka. NICER ilipima mwangwi wa eksrei zinazogonga diski na kurudi, ikaonekana wingu la gesi moto karibu na shimo lilikuwa linasinyaa kadri wiki zinavyokwenda. MeerKAT, darubini ya redio ya Afrika Kusini, ikafuatilia mikondo iliyorushwa nje, ikiendelea kuangalia hata pale eksrei zilipokuwa zimeshapungua sana.

Lakini uzito haupimwi wakati wa moto, maana diski inang'aa mpaka inaifunika ile nyota. Unasubiri itulie, ndo unaiona nyota yenyewe, unachukua spektra yake, yaani mwanga wake uliogawanywa rangi kwa rangi, usiku kucha na kuangalia mistari iliyomo ikihama, upande wa bluu inapokuja kwetu na upande wa nyekundu inapoondoka, kama honi ya basi inavyobadilika sauti likikupita. Kwa A0620-00 kazi hiyo ilifanywa na wanaastronomia Jeffrey McClintock na Ronald Remillard, wakachapisha 1986, miaka 11 baada ya mlipuko. Nyota inazunguka kwa saa 7.75 tu, na kasi yake kuja na kuondoka inafika kilomita 457 kwa sekunde. Hizo namba mbili zinatosha. Chukua kasi (kwa mita kwa sekunde) mara kasi mara kasi, zidisha na muda wa mzunguko kwa sekunde, gawa kwa mbili pai mara namba ya uvutano ya Newton, unapata uzito kwa kilo, ukiugawa kwa uzito wa jua letu unatoka takriban jua 3.2, yaani mara 3.2 ya jua. Fanya mwenyewe kwenye simu, inatoka. Na huo ndo uzito wa chini kabisa unaowezekana, kwa sababu hatuangalii mzunguko ule ubavuni kabisa na ile nyota nayo ina uzito wake. Nyota ya nyutroni haitarajiwi kuvuka jua 3 hivi. Vipimo vya baadaye vimeweka A0620-00 kwenye jua 6 hivi. Kwa J1820 ilifanyika hivyo hivyo ilipotulia, saa 16.45 na kilomita 418 kwa sekunde, uzito wa chini ukatoka zaidi ya jua 5, na hapo ndo mshukiwa akawa shimo jeusi rasmi.

Kwa hiyo mtu akiniuliza transienti fulani ni nini wiki ile ile imegunduliwa namwambia asubiri, na sio kumkwepa. Nyingine nyota yake ni hafifu mno ikizima, au iko nyuma ya vumbi zito katikati ya galaksi, na hizo zinabaki washukiwa kwa miaka.

A0620-00 yenyewe iko umbali wa zaidi ya miaka nuru 3,000 na saa hizi imelala. Miaka 58 kati ya 1917 na 1975 sio ratiba, huenda hata iliwaka katikati hakuna aliyeona, kwa hiyo nani ajuaye itarudi lini. Ila iko karibu kabisa na ikweta ya anga, maana yake kwa mtu wa Nairobi, Kampala au Kisangani inapita karibu utosini, na 1975 iling'aa kiasi kwamba darubini ndogo ya nyumbani ingetosha kuiona. Wenye darubini, kuanzia Desemba mpaka Machi iko juu jioni na usiku, mashariki ya Orioni. Tafuteni ramani ya eneo lile mjue nyota zilizopo, ili siku kukiwa na moja iliyozidi mtoe taarifa mapema.