Je, wajua? Kwa nini mashindano ya mashua za tanga huacha petroli baharini

Siku ya mashindano ya mashua Lamu, watu hujaa mbele ya mji kuanzia gatini hadi uwanja wa Mkunguni. Foromali, yaani boriti zinazobeba matanga, zimepandishwa, matanga yamejaa, na mabaharia wamesogea upande wa joshi, unakotoka upepo, wengine wamekalia ubao uliotokezwa nje ya chombo ili kisilale. Kila nahodha anapobisha, yaani anapogeuza chombo ili upepo ukipige upande wa pili, magunia ya mchanga ya farumi, uzito wa kukituliza chombo, huhamishwa mbio kutoka ubavu mmoja hadi mwingine. Hakuna mashine inayonguruma ndani ya chombo kinachoshindana. Hata hivyo, shughuli ikiisha, penye maji yaliyotulia karibu na gati huonekana utando mwembamba wenye rangi za upinde wa mvua. Umetoka wapi?

Dhana iliyozoeleka ni kwamba upepo hauchafui, basi na mashindano ya upepo hayachafui. Nusu ya kwanza ni kweli kabisa. Mashua ya Lamu ni mbao, misumari, pamba ya kalafati ya kuzibia nafasi za mbao, na tanga, na kwa desturi hulindwa kwa sifa na deheni, yaani mafuta ya samaki, shahamu na chokaa. Kosa liko katika kuhesabu vyombo vinavyoshindana na kusahau vinavyofuata. Kuna boti la waamuzi, boti la kuweka maboya, boti la uokozi, la wapiga picha, la wageni waliolipia kutazama kwa karibu, na maboti ya jamaa na marafiki wa mabaharia wanaotaka kumshangilia mtu wao. Lamu si mji wa magari. Anayetaka kuyafuata mashindano huyafuata kwa maji. Na karibu yote hayo yana mashine nyuma.

Waandaaji wa mashindano makubwa duniani wameliona hilo. Katika America's Cup, mashindano ya kimataifa ya vyombo vya tanga, ya mwaka 2024 kule Barcelona, timu zilitakiwa kutumia maboti ya kusindikiza yanayoendeshwa kwa haidrojeni. Tanga lilikuwa safi tayari; kilichohitaji kurekebishwa ni kilichokuwa kikilifuata.

Sasa tuiangalie mashine yenyewe, kwa sababu hapa ndipo penye ajabu. Mashine nyingi za maboti madogo pwani yetu ni za mapigo mawili, zile zinazotumia petroli iliyochanganywa na oili. Ndani yake hamna vali za kufungua na kufunga njia za mafuta na moshi kama zilivyo kwenye injini ya gari. Kuna matundu ubavuni mwa silinda, na pistoni yenyewe ndiyo inayoyaziba na kuyaachia inapopanda na kushuka. Mafuta yakishalipuka, pistoni hushuka na kuachia tundu la moshi, kisha, kabla tundu hilo halijazibwa, huachia na tundu la kuingizia mafuta mapya. Mafuta mapya huingia kwa nguvu na kuusukuma moshi utoke. Ni kama kuosha sakafu ya chumba kwa kumwaga maji safi mlango wa mbele ili yale machafu yatokee mlango wa nyuma: machafu hutoka, lakini na maji safi hutoka nayo, kwa sababu milango yote miwili iko wazi kwa wakati mmoja.

Maji safi hayo, kwenye mashine, ni petroli na oili ambazo hazijaungua. Katika mashine za aina hii zenye kabureta, kifaa cha kuchanganya petroli na hewa, kiasi kinachopotea hukisiwa kuwa robo hivi ya mafuta, na huweza kufika asilimia 30. Jerikeni la lita 20, basi, huweza kupoteza lita 5 au 6 bila kusukuma chochote. Na kwa kuwa moshi wa mashine hizi hupitishwa chini, mara nyingi katikati ya propela, mafuta hayo hutolewa ndani ya maji moja kwa moja. Hali huwa mbaya zaidi mashine inapozunguka polepole, kwani moto hukosa kushika vizuri na mafuta hupita jinsi yalivyoingia. Boti linalosindikiza mashua ya tanga hutumia muda mwingi katika hali hiyo hasa: hungoja, husogea kidogo, hungoja tena.

Tusilikuze jambo kupita kiasi. Petroli huvukiza upesi, na kwa jua na upepo wa Lamu sehemu kubwa huondoka ndani ya saa chache. Maji ya mkondo nayo hujaa na kupwa kwa nguvu, hasa wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa kuliko kawaida. Hii si meli ya mafuta iliyopasuka. Oili ndiyo hukawia zaidi, na wanaoweza kudhurika kwanza ni viumbe wa juu ya maji: mayai ya samaki na viluwiluwi vyake, yaani vitoto vilivyoanguliwa karibuni. Baadhi ya kemikali za mafuta huzidi ukali zikipigwa na jua. Nayo maji yanayojaa huingia kwenye mikoko, na zaidi ya nusu ya mikoko ya Kenya iko Lamu.

Kwamba hatua huleta tofauti, Ziwa Tahoe nchini Marekani ni mfano. Mwaka 1999 mashine za kabureta za mapigo mawili zilipigwa marufuku humo, na kemikali za petroli majini zikapungua sana.

Plastiki imepata watetezi wake hapa kwetu. Jahazi la Flipflopi, lililojengwa Lamu kwa takataka za plastiki na kushushwa majini mwaka 2018, lilisafiri hadi Zanzibar mwaka 2019, na kila mtoto wa pwani anaweza kuelewa linasema nini. Petroli isiyoungua haina jahazi lake, kwa kuwa haiokoteki.

Kubadilisha mashine zote si rahisi. Ya mapigo mawili ni nyepesi, fundi huifungua hapo hapo ufukweni, na vipuri vyake vinajulikana. Ya mapigo manne ina vali, na oili yake hukaa mahali pake bila kuchomwa pamoja na petroli, lakini ni nzito na bei yake ni kubwa. Zipo pia za mapigo mawili zinazopuliza mafuta ndani ya silinda baada ya tundu la moshi kuzibwa, na hizo hupoteza kidogo mno.

Kwa mashindano, hata hivyo, hatuhitaji kungoja hayo yote. Boti la uokozi lazima liwepo, kwani mashua hupinduka. Hilo ndilo la kwanza kupewa mashine ya mapigo manne. Maboya yakiwekwa karibu na mji, au mbele ya kijiji jirani cha Shela, watazamaji wengi wataona wakiwa nchi kavu. Na boti la waamuzi, likishafika kwenye mstari wa kuanzia, litie nanga penye mchanga, mbali na nyasi za bahari, lizime mashine mpaka mashua ya kwanza irudi.