Siti binti Saad: Yasemwayo na Yaliyokuwa

Husemwa mara kwa mara kwamba Siti binti Saad ndiye aliyeanzisha taarabu Zanzibar. Ukweli ni kwamba muziki huo uliingia kisiwani katika enzi ya Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, na chama cha muziki cha Akhwan Safaa kiliundwa mwaka 1905, wakati Siti angali shamba, Fumba, akifinyanga na kuuza vyungu. Alichokifanya yeye baada ya kuhamia mjini mwaka 1911 ni kuitoa taarabu katika Kiarabu na kuiimba kwa Kiswahili, lugha ambayo mpagazi na mpishi waliielewa bila mkalimani.

Wengine humchukulia kuwa bibi wa ukoo bora, labda kwa sababu ya heshima iliyomo katika jina lake la Siti, yaani bibi. Alizaliwa yapata mwaka 1880 katika familia yenye asili ya utumwa, na jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa Mtumwa. Mahasidi hawakumwachia asahau hilo: walimwimba kwamba alikuja mjini amevaa kaniki, na kwamba asingekuwa na sauti hiyo asingepata cha kula. Naye aliwajibu kwa wimbo kwamba uzuri wa sura na ukubwa wa jadi si hoja, hasara ya mtu ni kukosa akili. Sijui jibu la mipasho lililowahi kulizidi hilo kwa adabu.

Dhana inayompunguzia hadhi zaidi, kwa maoni yangu, ni ile inayomfanya pambo la makasri, mwimbaji wa mapenzi na sifa za wakubwa. Ni kweli kwamba aliimba mbele ya masultani, lakini nyumbani kwake katika mtaa wa Ng'ambo, mjini Zanzibar, yeye na wenzake walizigeuza habari za mtaa kuwa nyimbo. Mfano ulio wazi ni wimbo wa Kijiti, unaosimulia jinsi mwanamume huyo alivyomchukua mwanamke mgeni, akamchezesha foliti, mchezo wa kukimbizana, akaenda naye maguguni, na aliyerejeshwa akawa maiti. Kijiti alitoroka, ilhali wanawake waliokwenda kutoa ushahidi ndio waliofungwa. Msikilizaji hakuhitaji kuambiwa kwamba hukumu hiyo ilikuwa ya ajabu, kwani mpangilio wa kisa ulitosha kulisema hilo, na hapo ndipo ulipo ustadi wa msimulizi.

Hata hivyo, si sahihi kudhani kwamba kila ubeti ulitoka kichwani mwake peke yake. Nyimbo zilitungwa kwa kushauriana na wanamuziki wenzake, miongoni mwao Maalim Shaaban, Subeti bin Ambari, Buda bin Swedi na Mbaruk Talsam, na kundi hilo ndilo lililokwenda naye Bombay, India, mwaka 1928 kurekodi sahani za santuri. Safari hiyo ndiyo iliyosambaza sauti yake katika pwani yote ya Afrika Mashariki.

Mwisho, wako wanaomchanganya na Bi Kidude, mwimbaji mwingine wa Zanzibar. Siti alifariki Julai 1950, baada ya mwandishi Shaaban Robert kuzungumza naye ili aandike wasifu wa Siti. Bi Kidude, aliyeziimba upya baadhi ya nyimbo zake, ukiwemo Muhogo wa Jang'ombe, alifariki Aprili 2013.